Uzi: Ni nini kilichouokoa mji wa Vigan, Ufilipino, wakati Manila ilipoteketea?

#1 – Msafiri wa Kilwa
Salaam wakuu. Mwezi Februari 1945, katika vita vya kuikomboa Manila, mizinga na moto viliuangamiza mji ule kiasi kwamba ndani ya kuta za Intramuros, mji wa kale wa Manila, kanisa la San Agustin peke yake ndilo lililobaki limesimama, na raia wanaokadiriwa kufikia 100,000 walipoteza maisha. Lakini ukisafiri kama kilomita 400 kuelekea kaskazini, hadi jimbo la Ilocos Sur, unaukuta mji wa Vigan na mitaa yake ya enzi za utawala wa Kihispania ikiwa bado imesimama, nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana mwaka 1999 UNESCO iliuingiza katika Orodha ya Urithi wa Dunia.

Dai langu ni kwamba Vigan iliokolewa na mapenzi. Inasimuliwa kwamba ofisa wa Kijapani aliyekuwa na mke na watoto pale mjini alipoamriwa kurudi nyuma alimwendea padri Mjerumani, Joseph Kleikamp, akamwomba awalinde. Padri akamjibu kwamba mji ukichomwa, wananchi watamalizia hasira zao kwa familia hiyo, na hakuna padri atakayeweza kuwazuia. Askari wakaondoka usiku bila kuwasha moto. Je, kuna mwenye maelezo bora kuliko haya? Na waliofika huko, tuambieni ni mahali gani mtu asipaache.

#2 – Baharia Mstaafu
Ahsante kwa uzi mzuri. Nilifika Vigan wakati meli yetu ilipokuwa matengenezoni Ufilipino, kwa mwaliko wa mwenzangu wa chumba cha injini ambaye kwao ni Ilocos. Ukitoka Manila kwa basi, jiandae kukaa kitini kwa muda wa saa nane au tisa.

Mahali pa kwanza ni mtaa wa Calle Crisologo. Umetandikwa mawe, magari hayaruhusiwi, na kinachopita ni kalesa tu, yaani gari la farasi la magurudumu mawili. Nenda alfajiri, kabla ya maduka kutoa bidhaa zake barazani, kwa sababu kuanzia saa tatu asubuhi watalii wanajaa na huwezi tena kuziona kuta. Kwa chakula, usiondoke bila kula empanada ya Vigan, ambayo ni sambusa yao: ganda la unga wa mchele lenye rangi ya machungwa, ndani yake papai bichi lililokunwa, yai zima na soseji ya kienyeji yenye vitunguu saumu vingi, iitwayo longganisa. Huliwa ikiwa ya moto kabisa, pamoja na siki ya muwa. Kuna pia bagnet, nyama ya nguruwe iliyokaangwa mpaka ngozi ikapasuka, lakini hiyo wengine humu hawataigusa.

Kuhusu ofisa wa Kijapani, kisa hicho nilikisikia palepale mjini, na mwenyeji wangu alikisimulia kwa heshima kubwa. Sina sababu ya kukipinga.

#3 – Fundi Chokaa
Wakuu, mimi ni fundi wa majengo ya kale Unguja. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya UNESCO mwaka 2000, mwaka mmoja baada ya Vigan, na ndiyo maana mji huo naufuatilia kwa karibu. Naomba nirekebishe jambo moja ambalo wageni wengi hulibeba vibaya: nyumba hizi zilijengwa wakati Wahispania wakitawala, lakini wenyewe hawakuwa Wahispania. Nyingi ni za familia za machotara wa Kichina na Kifilipino, wafanyabiashara waliotajirika kwa nili (rangi ya buluu ya mimea), tumbaku na nguo za pamba zinazofumwa huko, ziitwazo abel. Eneo lao lilijulikana kama Kasanglayan, yaani mtaa wa Wachina.

Ukiingia ndani utaelewa kwamba ni jengo la biashara na makazi kwa pamoja. Ghorofa ya chini ina kuta nene za matofali yaliyopakwa chokaa, na ndiyo iliyokuwa maegesho ya magari ya farasi na ghala la mali. Familia iliishi juu, kwenye sakafu za mbao ngumu, nyuma ya madirisha mapana ya kusukuma pembeni ambayo hayana vioo: vijiraba vyake vimejazwa magamba bapa ya chaza aitwaye capiz, yanayopitisha mwanga na kuzuia ukali wa jua. Chini ya dirisha kubwa kuna vidirisha vidogo, ventanillas, vya kuingizia upepo hata wakati wa mvua. UNESCO imeusifu mchanganyiko huo wa Ufilipino, Uchina na Ulaya, na inayataja majengo 233 ya kihistoria katika mitaa 25.

Sasa kuhusu kuokoka. Moto ndio adui mkubwa wa miji ya kale, na mtaa wenye ghorofa ya chini ya matofali hauungui kirahisi kama mtaa wa mbao na makuti. Mimi naanzia hapo kabla ya kufika kwenye mapenzi.

#4 – Nesi wa Doha
Dada yenu niko Qatar, na wodini kwetu nafanya kazi na Wafilipino wengi, mmoja wao akiwa mzaliwa wa Vigan. Nilimsomea maelezo ya #1 akatabasamu, akasema bibi yake alikuwa akiwasimulia habari ya maofisa wawili wala si mmoja, kila mmoja na familia yake, na kwamba walikwenda kwa padri pamoja. Yeye anakiamini kisa hicho kikamilifu, kwa kuwa padri alikuwa Mjerumani, na Ujerumani ilikuwa mshirika wa Japani, hivyo maofisa wale waliweza kumwendea bila kuonekana wasaliti.

Akaniongezea jambo ambalo halijatajwa. Elpidio Quirino, rais wa sita wa Ufilipino, alizaliwa Vigan mwaka 1890, ndani ya eneo la gereza la jimbo, kwa sababu baba yake alikuwa msimamizi wa gereza hilo. Mke wake, Alicia Syquia, aliuawa na Wajapani huko Manila mwezi huohuo wa Februari 1945 pamoja na watoto wao watatu. Miaka minane baadaye, mwaka 1953, Quirino akiwa rais aliwasamehe Wajapani zaidi ya 100 waliokuwa wamefungwa Ufilipino kwa makosa ya kivita. Gereza alimozaliwa na nyumba ya ukoo wa Syquia vyote vipo na hutembelewa. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pa kutoacha, hata kabla ya Calle Crisologo.

#5 – Mdadisi Mkuu
Nimewasoma wote, na nawaomba tusikimbilie mwaka 1945 kana kwamba mji ulikuwa hautishiwi na kitu kingine. Manila, Cebu na Iloilo zilibadilika sana hata kabla ya vita, kwa sababu zilikuwa bandari zinazokua, na bandari inayokua hubomoa ya jana ili ijenge ya leo. Vigan nayo ilikuwa mji wa biashara ya majini, ikizungukwa na mito ya Abra, Mestizo na Govantes, na mashua zilipanda na kushuka na bidhaa. Mito ikajaa mchanga na tope. Biashara ya nili ikafifia, nayo rangi za viwandani zikaimaliza. Ukiritimba wa tumbaku wa serikali ya kikoloni ukafutwa mwaka 1882. Fedha ziliposimama, ujenzi nao ukasimama, na watu wakaendelea kuishi katika nyumba za babu zao kwa kuwa hawakuwa na sababu wala uwezo wa kujenga mpya. Kilichouhifadhi mji ni kupungua kwa biashara.

#6 – Msafiri wa Kilwa
Mkuu Mdadisi, hoja yako ina uzito, lakini inaeleza kwa nini nyumba zilikuwepo hadi 1941. Haielezi kwa nini zilikuwepo bado mwaka 1946. Moto wa vita hauulizi kama mto umejaa mchanga.

Dada wa #4, ahsante sana kwa habari za Quirino. Naomba pia kuuliza juu ya mnara wa kengele wa matofali unaoonekana kwenye kila picha ya Vigan, ule ulio juu ya kilima. Je, ni mnara wa kanisa kuu?

#7 – Mwalimu wa Jiografia
Hapana ndugu, na picha hizo zimewapotosha wengi. Mnara wa kilimani uko Bantay, ambayo ni manispaa nyingine kabisa inayopakana na Vigan. Kanisa la Bantay ni la Mtakatifu Agustino, na mnara wake huandikwa kuwa ni wa mwaka 1591. Ulitumika pia kama kituo cha kuangalia maadui wanaotokea baharini. Tetemeko la ardhi la tarehe 27 Julai 2022, la ukubwa wa 7.0 na kitovu chake katika jimbo jirani la Abra, liliudhuru mnara huo, likaangusha matofali na kuharibu baadhi ya nyumba za Vigan pia.

Kanisa kuu la Vigan ni la Mtakatifu Paulo, na jengo la sasa ni la kati ya 1790 na 1800. Makao ya dayosisi ya Nueva Segovia yalihamishiwa Vigan kutoka Lal-lo, bonde la Cagayan, mwaka 1758, na uhamisho huo ndio uliokuza hadhi ya mji. Kanisa hili nalo lina mnara wake, umejengwa mbali kidogo na jengo lenyewe. Sababu inayotolewa mara nyingi ni tetemeko: mnara ukianguka, usiliangukie kanisa. Mtindo huo wa kuta fupi na nene, zenye nguzo nzito za kuegemea, hujulikana kama baroki ya matetemeko.

#8 – Fundi Chokaa
Mwalimu, nakubaliana nawe juu ya kuta, lakini juu ya mnara sababu huenda zikawa zaidi ya moja. Mnara mzito una msingi wake na huzama kwa kasi yake. Ukiufunga na jengo jepesi, ufa hutokea kwenye maungio hata bila tetemeko lolote. Mafundi wa zamani walilijua hilo kwa macho. Halafu zipo sehemu za Ilocos ambako mnara uliwekwa mahali pa kuonea mbali, kama huo wa Bantay, na umbali wake na kanisa ulitokana na kilima kilipokuwa.

#9 – Mpishi wa Tanga
Nimechelewa, ila siwezi kuliacha suala la chakula lipite hivihivi. Baharia Mstaafu, empanada si sambusa hata kidogo. Sambusa inakunjwa kwa manda za ngano na nyama hupikwa kwanza, wakati wenzetu wanalipondea yai bichi ndani ya ganda, kisha wanalifunga na kulitumbukiza lote kwenye mafuta. Naona mzee alikula huku akizitazama nyumba, ndiyo maana hakumwangalia mpishi! Rangi ya ganda inatokana na mbegu za mrangi, ambazo wao huziita atsuete. Wauzaji wengi wako Plaza Burgos, karibu na kanisa kuu.

#10 – Kumbukumbu za Kale
Kwa kuwa Plaza Burgos imetajwa, tusiipite kwa ajili ya mafuta ya kukaangia tu. Jina hilo ni la Padri José Burgos, mzaliwa wa Vigan, mmoja wa mapadri watatu walionyongwa Manila tarehe 17 Februari 1872 baada ya kuhusishwa na uasi wa Cavite dhidi ya Wahispania. Kifo chao kiliwasha moyo wa utaifa wa Kifilipino. Nyumba yake ipo bado na ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa.

Makumbusho hayo yanahifadhi picha 14 za rangi zilizochorwa na Esteban Villanueva mwaka 1821, zikisimulia uasi wa basi wa mwaka 1807. Basi ni pombe ya muwa ya Waloko, yaani wenyeji wa Ilocos. Serikali ya kikoloni ilipowazuia wananchi kuitengeneza wenyewe na kuwalazimisha kuinunua kwake, walichukua silaha. Tazama picha hizo kwa mfululizo: nyota yenye mkia angani, mapigano mtoni, kisha viongozi wanauawa mmoja baada ya mwingine. Sijui jengo jingine Vigan linalokuonesha mateso ya watu wa kawaida kwa uwazi namna hiyo, maana nyumba za Calle Crisologo zinakuonesha waliofanikiwa.

Na Plaza Salcedo, ambako siku hizi watalii huangalia chemchemi inayocheza kwa taa na muziki, inakumbukwa kuwa mahali Gabriela Silang aliponyongwa Septemba 1763. Mumewe, Diego, aliuteka mji wakati Waingereza walipokuwa wameishika Manila, akauawa kwa risasi mwezi Mei mwaka huohuo, na mkewe akaendeleza mapambano dhidi ya Wahispania hadi alipokamatwa.

#11 – Msafiri wa Kilwa
Mkuu Kumbukumbu, umenipa mengi kwa pamoja. Je, huyo Crisologo wa mtaa ndiye yule mbunge aliyeuawa kanisani?

#12 – Kumbukumbu za Kale
Ni watu wawili. Mtaa una jina la Mena Crisologo, mwandishi na mwanasiasa wa lugha ya Iloko. Aliyepigwa risasi akiwa misani ndani ya kanisa kuu la Vigan, Oktoba 1970, ni mbunge Floro Crisologo. Nyumba ya familia yake sasa ni makumbusho, na vitu vyake vimeachwa humo. Miaka hiyo siasa za Ilocos Sur zilikuwa za bunduki, na biashara ya tumbaku ya Virginia ilikuwa na sehemu yake katika ugomvi ule. Wanaosema mji huu ulilala usingizi tangu karne ya 19 wasiisahau.

#13 – Askari wa Zamani
Narudi kwenye swali la #1. Wajapani walitua pwani ya Vigan tarehe 10 Desemba 1941, wakiutaka uwanja wa ndege. Kufikia mwaka 1945 hali ilikuwa tofauti: Jenerali Yamashita, kamanda wa Wajapani Ufilipino, alikuwa ameamua kupigania milimani, na majeshi yake ya kaskazini yakavutwa kuelekea Baguio na safu za Cordillera. Mji wa pwani ulio tambarare haukuwa na faida ya kuulinda. Waliouchukua mwezi Aprili ni wapiganaji wa msituni wa Kifilipino waliokuwa chini ya Russell Volckmann, Mmarekani, bila mapigano ya nyumba kwa nyumba. Vita vikubwa katika jimbo hilohilo vilipiganwa ndani ya milima, kwenye mlango wa Bessang, yaani njia inayopenya kati ya milima, ambao Wafilipino waliuteka tarehe 14 Juni 1945. Vigan ilisalimika kwa sababu adui hakuihitaji.

#14 – Nesi wa Doha
Kaka Askari, mbona Manila nayo Yamashita hakutaka ipiganiwe? Ni jeshi la majini la Kijapani, chini ya Iwabuchi, lililobaki mjini na kupigana hadi mwisho. Kwa hiyo mpango wa juu haukutosha kuokoa mji. Ilitegemea yule aliyekuwa pale chini siku ile na alichoamua kufanya. Hapo kisa cha padri na maofisa kinarudi mezani.

#15 – Askari wa Zamani
Dada, hoja nzuri. Lakini Iwabuchi alikuwa na bandari ya kuiharibu na maelfu ya askari wa kuitetea. Vigan haikuwa na bandari ya namna hiyo, na hapo namuunga mkono Mdadisi na mito yake.

#16 – Mwanafunzi wa Mipango Miji
Salaam. Naona wote mnapambana juu ya 1945, ilhali mji ulio salama mwaka 1945 bado ungeweza kupotea mwaka 1985. Miji mingi iliyopona vitani ilibomolewa na wenyewe baadaye kwa saruji. Kufikia miaka ya 1990 nyumba nyingi za Vigan zilikuwa zimechakaa, na vijana waliondoka kutafuta kazi. Kilichobadilisha mambo ni uongozi wa mji uliopitisha sheria ndogondogo za kulinda eneo la kihistoria, ukawasaidia wenye nyumba kwa ushauri wa kitaalamu, na ukawaingiza wafumaji, wafinyanzi na waendesha kalesa katika mpango wa uchumi. Mwaka 2012 UNESCO iliutaja Vigan kuwa mfano bora wa usimamizi wa urithi. Katika kura ya mtandaoni ya Miji Saba Mipya ya Ajabu, matokeo yake yakitangazwa Desemba 2014, Vigan ilishinda pamoja na miji kama Durban, Havana na Doha ya dada yetu wa #4, ingawa mimi kura za mtandaoni sizipi uzito sawa na tathmini ya wataalamu.

#17 – Nesi wa Doha
Hilo la vijana kuondoka limenigusa, kwa kuwa mwenzangu wa wodini ni mmojawapo. Waloko wamekuwa wakihama muda mrefu sana. Walikuwa wengi miongoni mwa vibarua wa mashamba ya miwa ya Hawaii, safari zilizoanza mwaka 1906. Yeye anasema katika ukoo wao nyumba haikuuzwa kwa sababu wenye haki wametapakaa Manila, Honolulu na California, na hakuna anayeweza kuuza bila sahihi za wengine wote. Fedha za matengenezo hutoka kwa walio nje. Je, Fundi, huko Unguja si hali hiyohiyo?

#18 – Fundi Chokaa
Ndiyo, dada, ila inakata pande mbili. Nyumba yenye warithi wengi haiuzwi, na mara nyingine haitengenezwi pia, kwa kuwa kila mmoja anamsubiri mwenzake. Nimeona paa likivuja misimu kadhaa huku ndugu wakijadiliana kwa simu, na mbao ya boriti haisubiri maelewano. Vigan yenyewe, vigae vya awali vya paa vingi vimeshaondoka na nafasi yake imechukuliwa na mabati. Anayesema mji uko kama ulivyokuwa hajatazama juu.

#19 – Mpishi wa Tanga
Nakubali kwamba majumba ndiyo kiini cha uzi, ila mwanafunzi wa #16 amewataja wafinyanzi na hakuna aliyewafuata. Mitungi mikubwa ya udongo iitwayo burnay hufinyangwa Vigan hadi leo, kwa ufundi uliotoka kwa Wachina. Udongo hukanyagwa na nyati wa kufugwa mpaka ulainike, na mitungi huchomwa katika tanuri refu la matofali. Ndiyo inayochachushia basi, siki na samaki wa kuungia. Mfinyanzi wao, Fidel Go, alitunukiwa heshima ya taifa kwa ufundi huo mwaka 1990. Siki ya muwa iliyokaa ndani ya burnay, Baharia, ndiyo ile uliyochovyea empanada yako.

#20 – Baharia Mstaafu
Nimekusikia, mwanangu, na siki naikumbuka vizuri kuliko ganda.

Mkuu wa #1, kwa wanaotaka kwenda, uwanja wa ndege wa karibu wenye safari za kawaida uko Laoag, kama kilomita 80 kaskazini. Nendeni kati ya Desemba na Machi, kwa kuwa miezi ya Julai hadi Oktoba ni ya tufani. Wiki ya kwanza ya Mei kuna tamasha la sanaa la Viva Vigan, lakini nyumba za wageni hujaa mapema.

#21 – Mdadisi Mkuu
Kabla hatujafika kwenye nauli, kuna jambo limepita kimya. Kila mwongozo wa watalii unasema mji ulianzishwa na Juan de Salcedo, mjukuu wa Legazpi, Mhispania aliyeiteka Ufilipino, na wengine huandika 1572 na wengine 1574. Mwaka wa kwanza ni wa kufika kwake, wa pili ni wa kurudi na kuweka makazi ya Kihispania aliyoyaita Villa Fernandina. Lakini palikuwa na wakazi na biashara na Wachina kabla ya miaka yote miwili. Kama umuhimu wa mji ulitokana na mto na wafanyabiashara wale, basi hadithi ya kuokoka kwake nayo ianzie kwao, si kwa maofisa wa 1945.

#22 – Msafiri wa Kilwa
Ahsanteni wote. Mkuu Mdadisi, bado sijashawishika, maana hakuna mto uliowahi kumrudisha nyuma askari mwenye kibiriti. Mwanafunzi wa #16, naomba utueleze zile sheria ndogo zinamlazimisha nini mwenye nyumba: je, anaruhusiwa kubadili ndani akiacha uso wa nyumba ulivyo, au hata ngazi na sakafu haruhusiwi kuzigusa?